Acheni Kutuuzia "Mpangilio Sahihi"

Kuna swali moja ambalo kila anayenunua pedali yake ya pili ya gitaa ataulizwa kabla hata hajapewa chenji: "Lakini unajua mpangilio sahihi, eeh?" Linaulizwa kwa upole, kama mtu anavyokukumbusha kufunga geti. Halafu inafuata orodha, na orodha ni ile ile dukani, kwenye video za YouTube na midomoni mwa mafundi mitambo: tyuna kwanza, kompresa, wawa, kisha ovadraivu na distosheni, kisha korasi na feiza, kisha mwangwi, na riveba mwisho kabisa. Amina.

Nina ugomvi na orodha hiyo. Si kwamba ni mbaya. Ukiifuata hutatoa mlio wa aibu. Ugomvi wangu ni na lile neno "sahihi", na watu wanaolishika kama rungu. Hoja yangu ni fupi. Mpangilio wa pedali ni sarufi, na ndani ya sarufi hiyo kuna mambo matatu ambayo walinzi wa orodha wameyakanda pamoja kama unga wa chapati: mambo ya umeme, mambo ya hesabu, na mambo ya mazoea tu. Usipoyatenganisha, utamkataza kijana kufanya jambo lenye maana na utamshikilia shati kwa jambo lisilo na maana yoyote. Na ndicho kinachofanyika kila siku.

Wengi wenu hapa ni watu wa vitabu, kwa hiyo niweke msingi kidogo. Pedali ni kisanduku cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, kinachokaa sakafuni ili mpiga gitaa akibonyeze kwa mguu huku mikono ina kazi. Waya unatoka kwenye gitaa, unaingia kisanduku cha kwanza, unatokea upande wa pili, unaingia cha pili, hivyo hivyo mpaka kwenye amplifaya. Kila kisanduku kina kazi yake. Distosheni, na ndugu yake mkali anayeitwa fazi, huukwaruza mlio uwe kama koo la mtu aliyeshangilia uwanjani dakika tisini. Wawa huufanya mlio utamke "wa-a, wa-a" kadiri unavyokanyaga. Feiza huuzungusha kama feni ya darini. Mwangwi hurudia ulichopiga baada ya muda. Riveba hukuweka ndani ya kanisa kubwa hata kama umejifungia stoo.

Sasa, kwa nini mpangilio uwe na maana? Ninyi mnalijua jibu tayari, maana mnazungumza Kiswahili.

Chukua kitenzi cha kula, mzizi wake ni -la. Kipe kwanza kiambishi cha kutendesha, unapata -lisha. Kisha ongeza cha kutendana, unapata -lishana. Bwana na bibi harusi wanalishana keki, ukumbi unapiga vigelegele. Haya, geuza. Anza na kutendana, unapata -lana (nazungumzia kulana kwa samaki, si kule kwa denda, tulieni). Kisha tia kutendesha: -lanisha. MC anayewalanisha maharusi anawafanya watafunane. Neno hilo hulisikii kila siku, lakini sikio lako limelielewa hapo hapo, na limeshtuka. Mzizi ni ule ule, viambishi ni vile vile viwili, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni nani ametangulia, na keki imekuwa mauaji.

Gitaa linatoa mzizi. Pedali ni viambishi. Kila pedali haiushughulikii mlio wa gitaa, inaushughulikia mlio wa gitaa *pamoja na yote yaliyokwisha kufanywa kabla yake*. Hilo ndilo jambo lote. Sasa tuwafuate walinzi wa orodha kwenye viwanja vyao vitatu.

Kiwanja cha kwanza: umeme

Hapa nawapa haki yao. Kuna kanuni za mpangilio zenye sababu unayoweza kuipima kwa mita.

Mfano ninaoupenda ni Fuzz Face, pedali ya duara ya Uingereza iliyotoka 1966. Mlango wake wa kuingilia una ukinzani mdogo, kwa hiyo inaivuta pikapu ya gitaa moja kwa moja. (Pikapu, si gari: ni zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi.) Gitaa na fazi hiyo wanakuwa kama saketi moja. Ukipunguza kidogo kitasa cha sauti kwenye gitaa, ukwaruzaji unayeyuka na mlio unabaki karibu mtupu, unang'aa. Ukiweka katikati yao pedali nyingine inayosukuma umeme kwa nguvu zake yenyewe, mazungumzo hayo yanakatika, na kitasa chako hakiyeyushi tena kama zamani. Ukiweka wawa mbele ya Fuzz Face, fazi inaielemea wawa, na ile "wa-a" inapoteza sehemu ya mdomo wake.

Kwa hiyo mtu akikuambia "weka Fuzz Face karibu na gitaa", anakuambia jambo la kweli, na akiulizwa kwa nini ana jibu. Vivyo hivyo pedali za kupandisha noti juu au kuishusha chini: nyingi husoma noti vizuri zaidi ikiwa bado safi, kabla ya kukwaruzwa. Tom Morello, ambaye baba yake Mkenya, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia, aliipeleka pedali yake ya Whammy mbele ya amplifaya iliyokwisha kuchemka, si nyuma ya ukwaruzaji huo. Lile soloa la "Killing in the Name" la 1992 linaruka juu kama firimbi ya refa kwa sababu noti iliruka kwanza, ndipo ikakwaruzwa.

Lakini hata kanuni ya umeme ni bei, si amri. Jimi Hendrix alipopanda jukwaani Woodstock, Agosti 1969, mnyororo wake ulikuwa hivi: wawa, kisha Fuzz Face, kisha Uni-Vibe, kisha amplifaya za Marshall. Wawa mbele ya Fuzz Face! Kile kile ambacho nimetoka kusema kinaigharimu wawa. Gharama ilikuwepo, na muziki ukapita juu yake. Anayejua bei anaweza kuamua kulipa. Anayeambiwa tu "ni kosa" hajui hata kama kuna kitu kinauzwa.

Kiwanja cha pili: hesabu

Hapa ndipo walinzi wanapoanza kuniudhi, kwa sababu hapa orodha yao inalinda mlango ambao hauna nyumba nyuma yake.

Tuchukue pedali mbili rahisi. Moja inakuza mlio mara mbili. Nyingine ni distosheni, na tuseme kazi yake ni kukata kila kilele kinachozidi 5. Gitaa linatoa kilele cha 4. Ukikuza kwanza: 4 inakuwa 8, panga linakata, unabaki na 5 iliyokatwa kichwa, yaani mlio mkali wa kukwaruza. Ukianza na panga: 4 haifiki 5, inapita salama, kisha inakuzwa kuwa 8. Mlio safi, na wenye sauti kubwa kuliko ule wa kwanza. Pedali ni zile zile mbili, vitasa havijaguswa. Mpangilio mmoja umekupa hasira, mwingine umekupa sauti tu. Ndiyo maana kila kilicho karibu na distosheni kina maana kikiwa mbele au nyuma yake: panga linakumbuka nani aliyefika kabla.

Sasa chukua mwangwi na riveba, ile jozi ya mwisho kwenye orodha. Hapa utakuta watu wazima wanagombana mpaka wanatoleana maneno: mwangwi kabla ya riveba, au riveba kabla ya mwangwi? "Mwangwi kwanza, bwana, la sivyo unachafua!" Lakini mwangwi ni nini? Ni nakala za mlio zilizocheleweshwa na kupunguzwa, kisha zikajumlishwa na mlio wenyewe. Riveba ni nini? Ni nakala za mlio zilizocheleweshwa na kupunguzwa, nyingi mno, kisha zikajumlishwa. Zote mbili zinafanya kuzidisha, kuchelewesha na kujumlisha tu. Hakuna panga. Na 3 mara 4 ni sawa na 4 mara 3, iwe Tandahimba au Tokyo. Mradi hakuna kinachozidiwa nguvu na hakuna kinachoyumbisha mlio kwa saa yake mwenyewe, mwangwi-kisha-riveba na riveba-kisha-mwangwi hutoa mlio ule ule. Mashine halisi si safi kama hesabu, kwa hiyo tofauti ndogo ndogo zipo. Lakini zile nguvu zote za kubishana, yale macho mekundu? Ni sawa na kugombana kati ya "jana nilimwona Asha sokoni" na "nilimwona Asha sokoni jana". Mkazo kidogo, labda. Asha ni yule yule, na soko halijahama.

Kwa hiyo mnaona kichekesho kilivyo. Orodha ina ukali ule ule kwa jozi ambayo mpangilio ni roho yake na kwa jozi ambayo mpangilio ni karibu na bure. Mwalimu wa sarufi asiyejua tofauti kati ya "Asha alimwona Juma" na "jana nilimwona Asha" hafai kusahihisha insha ya mtu.

Kiwanja cha tatu: mazoea yaliyovaa joho

Sasa tufike kwenye lile kosa kubwa kuliko yote kwa mujibu wa orodha: kuweka mwangwi au riveba *kabla* ya distosheni. Hapo ndipo mafundi mitambo wanaposhika vichwa.

Sababu yao ni ya kweli, tena nitaieleza vizuri kuliko wanavyoieleza wenyewe. Noti mbili zikiingia pamoja kwenye distosheni, hazitoki mbili. Piga A ya 440 na E ya 660: panga litazaa tofauti yao, 220, na jumla yao, 1100, na nyingine nyingi. Hapo bahati ni yako, kwa sababu 220 ni A ya chini yake. Ndiyo maana wapiga roki wanazipenda noti hizo mbili na wanazikwaruza bila huruma. Lakini chagua noti zisizopatana, au ruhusu mwangwi wa noti iliyopita uingie pamoja na noti mpya, na vizazi vyao vitagombana. Matokeo ni uji. Ndiyo, uji.

Lakini nani alisema uji ni dhambi? Wapiga gitaa wa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wale wa mtindo ulioitwa shoegaze, waliingiza riveba kwenye distosheni makusudi, na huo uji ukawa nyumba ya mtindo mzima. Na kabla yao, historia haikuijua hata hiyo orodha. Mashine za mwangwi za kanda, kama Watkins Copicat ya Uingereza ya 1958 na Echoplex ya Marekani, zilikaa mbele ya amplifaya. Amplifaya ikipandishwa mpaka ikachemka, ukwaruzaji ulikuwa ndani yake, yaani *baada* ya mwangwi. Rekodi ambazo leo tunaziita za dhahabu zina mwangwi mahali ambapo orodha inasema haupaswi kuwepo.

Orodha inasema pia kila kinachotikisa mlio kitangulie riveba. Fungua Fender Twin Reverb, amplifaya iliyotoka 1963: tremolo yake, kile kinachopandisha na kushusha sauti kama pumzi, imewekwa baada ya riveba. Kwa hiyo pumzi ikikata, inakata na mkia wa riveba. Ukiigeuza, mkia unajaza mapengo na pumzi haisikiki vizuri. Fender walichagua, na hakuna aliyewaandikia barua ya kuwasahihisha.

Na feiza je? Baada ya distosheni, inakuta mlio umejaa, ina mengi ya kula, inafagia kwa upana. Ndiyo Uni-Vibe ya Hendrix baada ya fazi. Kabla ya distosheni, panga linafunika nusu ya kazi yake, na kinachobaki ni mtetemo wa ndani kwa ndani, kama mtu anayetabasamu bila kufungua mdomo. Eddie Van Halen, katika albamu ya kwanza ya bendi yake mwaka 1978, alikuwa na MXR Phase 90 mbele ya Marshall iliyochemka. Nani kakosea kati yao? Niambieni, ili tumfukuze.

Nenda mbele zaidi. Fazi yenyewe, inayokaa kwa heshima katikati ya orodha, ilizaliwa na ubovu. Katika wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry", wa 1961, sehemu ya solo ya Grady Martin ilipita kwenye mtambo wa studio uliokuwa na hitilafu, ikatoka inakoroma. Mwaka uliofuata Gibson wakauza koromo hilo kwenye kisanduku kilichoitwa Maestro Fuzz-Tone, na mwaka 1965 Rolling Stones wakalipeleka dunia nzima. Na zile sauti za kama ndege wa baharini katikati ya "Echoes" ya Pink Floyd, 1971? Ni wawa iliyochomekwa kinyume: waya wa kuingia upande wa kutoka, wa kutoka upande wa kuingia. Hilo si kosa la mpangilio tu, hilo ni kosa ambalo hata orodha haikuona haja ya kulikataza. David Gilmour akalisikia, akaliweka.

Kwetu Afrika mfano mkubwa uko Kinshasa. Konono N°1 ya Mingiedi Mawangu ilichukua likembe, kinanda cha vidole gumba, ikakipa pikapu za kujitengenezea kwa sumaku za vyuma vya magari, ikakipitisha kwenye spika za tarumbeta. Lengo lilikuwa kusikika barabarani juu ya kelele za mji. Ukwaruzaji ulikuja bila kualikwa, ukabaki, na albamu yao ya *Congotronics* ya 2004 ikauweka mbele kabisa. Fundi mitambo mwenye orodha angeusafisha. Angefanya kazi yake vizuri kabisa, na kusingebaki kitu cha kusikiliza.

Kwa nini nakasirika

Mtu anaweza kuniuliza, hivi kweli hili ni la kupandishia sauti? Ni visanduku tu.

Niwape mfano nilioushuhudia. Kijana mmoja wa bendi ya kanisa alikuwa na pedali tatu za mtumba, na amezipanga anavyojua: mwangwi kwanza, distosheni baadaye. Nilimsikia mazoezini. Akipiga kwa nguvu, ukuta. Akipiga taratibu na kuacha, marudio yalikuwa yanafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye ibada: hayakupungua sauti kwanza, yalipungua *ukali* kwanza. La kwanza linakoroma, la pili limechoka, la tatu linaongea, la nne linanong'ona likiwa safi kabisa. Ndivyo panga linavyofanya kwa kitu kinachofifia: kikiwa kirefu linakata, kikifupika linakiacha kipite. Kijana hakuwa na maneno ya kueleza hesabu hiyo, lakini alikuwa akiitumia, anasubiri lile rudio la nne ndipo anaingia tena. Huo ni utunzi.

Fundi mitambo akaja, akainama, akachomoa, akachomeka upya. "Mdogo wangu, hivi ndivyo inavyopangwa." Mlio ukawa mzuri. Ukawa kama wa kila mtu. Kijana akasema "asante kaka", maana ndivyo tulivyolelewa, mkubwa akikurekebisha unashukuru. Sikumsikia tena akisubiri rudio la nne, kwa sababu halikuwepo tena la kusubiriwa.

Hicho ndicho kinachonikasirisha. Fundi yule hakuwa mtu mbaya, na alijua kazi yake. Lakini hakuuliza swali hata moja. Hakusema "unatafuta nini hapo?" Alisahihisha kitu ambacho hakuwa amekisikiliza. Na kwetu hapa, ambapo pedali moja mpya inaweza kula mshahara wa mwezi wa mtu, kijana habahatishi mara mbili. Akiambiwa mara moja kwamba sikio lake limekosea, analiweka kabatini.

Isitoshe, wengi wetu tulijifunzia kwenye zile mashine za bei nafuu zenye efekti nyingi ndani ya kisanduku kimoja. Nyingi za zamani mpangilio wake ulifungwa kiwandani. Hukuweza kuugusa hata ukitaka. Tulichokiita "sahihi" kwa miaka yote hiyo, mara nyingi kilikuwa ni kile tu ambacho mashine iliruhusu. Tumegeuza kufuli kuwa maadili.

Wapenzi wa fasihi, sinema hii mmeshaiona. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi*, na kitabu kile ni hazina: vina na mizani vina sababu, kwa sababu shairi letu liliishi kwanza kwenye sauti na kumbukumbu, na sauti inataka mahali pa kupumua. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, mashairi bila vina vile, na walinzi wakauliza kama haya nayo ni mashairi. Miaka imepita. Wanaotunga kwa vina wapo na wanatunga vizuri, wanaotunga kwa njia huru wapo, na Kiswahili hakijaanguka. Kilichopotea ni muda wa wale waliodhani sababu ya kanuni na kanuni yenyewe ni kitu kimoja. Sheria inayojua sababu yake inajua pia inapoishia.

Na ninyi wa "hakuna kanuni"

Msidhani nawapigia makofi. Kuna kundi la pili, nalo linanichosha vile vile: wale wanaosema "aah, muziki ni hisia, chomeka popote". Hapana. Aliyesema mpangilio hauna maana ni sawa na aliyesema kulishana na kulanisha ni mamoja. Ukichomeka popote na usijue kilichotokea, hukuchagua, umeokota. Ukiokota leo, kesho kwenye ukumbi mwingine hutakipata tena, na utalaumu umeme wa TANESCO.

Uhuru ninaoutetea una kazi ndani yake. Chukua pedali mbili tu, si saba. Piga kitu kimoja, taratibu kisha kwa nguvu. Geuza mpangilio. Piga tena kile kile. Sikiliza mkia wa mlio, maana mwanzo wa noti unadanganya. Tofauti zinajificha pale inapofia. Kisha jiulize: je, nimesikia tofauti? Kama hapana, umegundua jozi isiyo na ugomvi, achana nayo. Kama ndiyo, ni ipi inayosema ninachotaka kusema? Saa moja ya kazi hiyo itakufundisha kuliko orodha hamsini.

Na mnaofundisha, mnaouza, mnaosimama nyuma ya mitambo: sidai mtupe orodha. Iwekeni, inawasaidia wanaoanza, kama vile "kiima, kiarifu" inavyomsaidia mtoto wa darasa la tatu. Nadai jambo moja. Kila mkisema "hivi ndivyo inavyopangwa", ongezeni sentensi ya pili inayoanza na "kwa sababu". Kama sababu ni umeme, tuonyesheni. Kama ni hesabu, ipigeni mbele yetu. Na mkitafuta sababu mkakuta hamna, msiibe neno "sahihi". Semeni tu, "mimi napenda hivi." Hiyo ni sentensi ya heshima, na kijana anaweza kuijibu: "Sawa kaka, mimi napenda hivi."